Kuhamia Morogoro: Piga Hesabu Kwanza



Mavuno yamekwisha. Mahindi yako ghalani, na mengine umekwisha kuyauza. Ndugu yako aliyeko Morogoro amepiga simu. Amesema, "Njoo huku mjini. Huku kazi zipo, na fedha inaonekana kila siku." Sasa unalala ukiwaza. Je, uende au ubaki?

Hakuna mtu awezaye kukuamulia jambo hili. Mwalimu wa darasa lenu hawezi, wala mwenyekiti wa kijiji hawezi. Kitabu hiki nacho hakitakuambia nenda au baki. Lakini sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi chukua daftari na kalamu. Katika kurasa hizi tutapima pamoja faida na hasara za kuhamia mji kama Morogoro.

Kama unakaa Mvomero, Kilosa, Gairo, au milimani Matombo na Mgeta, huu ndio mji unaoutazama. Kama uko mkoa mwingine, weka jina la mji wenu: Iringa, Tanga, Songea au Tabora. Bei zitabadilika kidogo, lakini njia ya kupiga hesabu ni ile ile.

Kitu kimoja tukiseme mapema. Kuhama si kosa. Mwaka 1983 ilitungwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Watu wasiokuwa na kazi inayotambulika walikamatwa mijini na kupelekwa vijijini wakalime. Wengi wao walirudi mjini baadaye. Leo Katiba yetu inampa kila raia haki ya kwenda na kukaa mahali popote nchini. Kwa hiyo huhitaji kumwomba mtu ruhusa. Unachohitaji ni kujua unakwenda kwenye nini, na unaacha nini.

MJI HUU NI WA NAMNA GANI?

Morogoro ni manispaa iliyo chini ya milima ya Uluguru. Ni mji wa kadiri. Katika sensa ya mwaka 2012 ulikuwa na watu karibu 316,000. Katika sensa ya mwaka 2022 watu walizidi 471,000. Yaani katika kila watu 3 wa leo, mmoja aliongezeka katika miaka hiyo 10. Wengine walizaliwa hapo, na wengine walihamia kama unavyotaka kuhamia wewe. Ukifika utawakuta wamekutangulia. Wanatafuta chumba kile kile na kibarua kile kile.

Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa hiyo ya 2022. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 190. Tangu Juni 2024 treni ya umeme nayo inabeba abiria kati ya miji hiyo miwili. Kwa hiyo vijana wengi huuliza: kwa nini nisipitilize hadi Dar es Salaam?

Jibu liko katika umbali wa shamba lako. Kutoka Morogoro unaweza kupanda gari asubuhi, ukalala nyumbani, ukapalilia siku mbili, ukarudi. Unaweza kumtuma mtu akupakilie gunia la mahindi katika gari linalokuja mjini. Ukiwa Dar es Salaam, kila safari ya nyumbani inakula fedha na siku nyingi zaidi. Shika neno hili la gunia la mahindi. Tutalirudia, kwa maana ndilo lenye uzito kuliko yote.

FAIDA ZA MJI

Mji una faida za kweli, na asiyekubali hivyo anajidanganya.

Ya kwanza ni hospitali. Mjini Morogoro kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Mama mjamzito akizidiwa usiku, bajaji inamfikisha. Kuna vijiji vya milimani ambako mama huyo hubebwa kwa machela mpaka kwenye barabara ya gari. Kama katika nyumba yako yuko mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, au mzee anayehitaji dawa kila mwezi, jambo hili peke yake linaweza kukuhamisha. Hakuna hesabu ya fedha inayoweza kulipinga.

Ya pili ni masomo. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za serikali, kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne. Ada imefutwa kijijini na mjini sawasawa. Tofauti ni safari ya kwenda shule. Mtoto wa kijijini anaweza kutembea saa moja na nusu kwenda sekondari ya kata, na saa moja na nusu kurudi. Mjini shule huwa karibu zaidi, ingawa darasani wanafunzi hubanana. Pia kuna vyuo vya ufundi. Kijana anayetaka kujifunza uchomeleaji au umeme wa nyumbani hataupata ujuzi huo chini ya mwembe.

Ya tatu ni soko. Mkulima wa Mgeta anajua jinsi kabichi na karoti zake zinavyonunuliwa kwa bei ya chini shambani, halafu zinauzwa kwa bei ya juu mjini. Mtu wa familia yake akiwa Morogoro, ataijua bei ya leo katika soko la Mawenzi au soko kuu la Chifu Kingalu. Atapiga simu nyumbani. Mnunuzi akija shambani na bei ya uongo, hatadanganya mtu.

Ya nne husemwa kwa sauti ndogo. Kuna watu ambao kijiji kimewachosha. Mama mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa mume. Mzee anayeitwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu, na moshi wa kuni ndio uliyoyafanya mekundu. Watu hawa wana haki ya kutafuta mahali pa kupumua. Mjini jirani yako hajui ukoo wako, na mara nyingine hiyo ni nafuu kubwa.

KILA KITU KINANUNULIWA

Sasa fungua daftari. Andika upande mmoja wa ukurasa: MATUMIZI YA MWEZI.

Tuseme ni familia ya watu 5: baba, mama na watoto 3. Bei tutakazotumia hapa ni za mfano tu. Kabla ya kuamua, mpigie ndugu yako simu akupe bei za mtaa wake, uziandike badala ya hizi.

Vyumba viwili vya kupanga, shilingi 30,000 kila kimoja: 60,000.

Unga wa ugali. Familia hii inakula kilo moja na nusu kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 45. Kilo moja ikiwa shilingi 1,500, jumla ni 67,500.

Mboga, maharage na dagaa, shilingi 3,000 kwa siku: 90,000.

Maji, madumu 5 kwa siku, shilingi 100 kila dumu: 15,000.

Mkaa, shilingi 1,500 kwa siku: 45,000.

Mafuta, chumvi, sukari na sabuni, shilingi 1,000 kwa siku: 30,000.

Umeme wa taa: 5,000.

Nauli ya kwenda na kurudi kazini, shilingi 1,000 kwa siku, siku 26: 26,000.

Jumlisha. Ukipata shilingi 338,500 umejumlisha sawasawa.

Tazama tena orodha hiyo. Hakuna nguo, hakuna daftari la shule, hakuna dawa, hakuna mchango wa msiba wala harusi. Na katika orodha hiyo, vitu vingi ni vile ambavyo leo huvinunui. Kijijini nyumba ni yako. Kuni zinatoka porini, maji yanatoka mtoni au bombani kwa malipo madogo. Mchicha na majani ya maboga yako nyuma ya nyumba.

Watu wengi wa kijijini husema, "Mimi sina kipato." Si kweli. Familia inayokula kilo 45 za unga wa shamba lake kila mwezi, inapata mshahara wa shilingi 67,500 ambao haiuoni, kwa sababu hauji mkononi. Unapita moja kwa moja kwenda chunguni. Siku utakapohama ndipo utakapouona, kwa sababu utaanza kuulipa.

Neno kuhusu maji. Morogoro imezungukwa na vijito vinavyoshuka Uluguru, na lina bwawa la Mindu juu ya mto Ngerengere. Hata hivyo, mji umekua haraka kuliko mabomba yake. Kuna mitaa ambayo maji hutoka kwa mgao. Usipange chumba kabla ya kuwauliza wapangaji waliomo: maji hutoka siku gani, na dumu ni bei gani siku yasipotoka? Waulize pia umeme unalipwaje. Nyumba nyingi za kupanga zina luku moja kwa wapangaji wote. Mwenye taa moja na mwenye friji wanachangia sawa, na hapo ndipo ugomvi wa kila wiki unapoanzia.

NA MAPATO JE?

Sasa andika upande wa pili wa ukurasa: MAPATO YA MWEZI.

Kama huna cheti cha ufundi, kazi ya kwanza utakayopata ni kibarua. Pengine utakuwa saidia fundi: kuchanganya zege, kubeba matofali, kuchimba msingi. Tuseme analipwa shilingi 12,000 kwa siku. Ndugu yako katika simu atazidisha mara 30, atakuambia ni shilingi 360,000. Usikubali hesabu hiyo. Fundi hana kazi kila siku. Mvua ikinyesha ujenzi unasimama. Saruji ikimwishia mwenye nyumba, mnakwenda nyumbani. Tuseme utapata siku 18. Mara 12,000, ni shilingi 216,000.

Matumizi ni 338,500. Mapato ni 216,000. Upungufu ni shilingi 122,500. Hizo zitatoka wapi?

Mama ataingia kazini. Atakaanga maandazi asubuhi, au atapika chakula cha wajenzi kama mama ntilie. Tuseme, baada ya kutoa gharama za unga, mafuta na mkaa, anabaki na faida ya shilingi 4,000 kwa siku. Kwa siku 26 ni shilingi 104,000. Sasa mapato ya wote wawili ni 320,000. Upungufu umebaki shilingi 18,500 tu.

Wengi hufikia hapa wakaona wamekaribia kushinda. Lakini upungufu wa 18,500 kila mwezi ni deni la 222,000 kwa mwaka. Na hapa ndipo wakopeshaji wa mitaani humkuta mtu. Mikopo yao inaitwa kausha damu, na jina limekaa mahali pake. Unachukua leo, unaanza kulipa kesho, kila siku, na usipolipa wanabeba godoro na sufuria. Ukiona hesabu yako inahitaji mkopo wa namna hiyo ili itimie, basi haijatimia.

Vipi bodaboda? Vijana wanaipenda kazi hii. Wengi hawana pikipiki yao. Wanachukua ya tajiri, na kila siku wanampelekea hesabu, yaani kiasi kilichopatanwa, abiria wapatikane wasipatikane. Wengine wana mkataba: wakilipa kwa muda uliowekwa, pikipiki inakuwa yao. Mkataba mzuri unafaa. Lakini uusome mwenyewe, neno kwa neno, kabla ya kutia saini. Angalia nani analipia matengenezo. Angalia pia ukiugua wiki mbili inakuwaje, na ukibakiza miezi miwili ukashindwa, je, yote uliyolipa yamepotea? Watu wametia dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, wakanyang'anywa pikipiki mwishoni. Wewe sasa huna sababu ya kutia dole gumba.

Na viwanda? Wazee wanakumbuka Morogoro ya miaka ya 1970 na 1980, wakati viwanda vya nguo, ngozi, turubai na viatu vilipojengwa. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikitazamiwa kuuza viatu mpaka Ulaya. Hakikufikia hata sehemu ndogo ya kazi iliyopangwa, na mwaka 1990 kilifungwa. Viwanda vipo Morogoro hata leo, na kazi ya kiwandani ni kazi nzuri ukiipata. Ila wengi huajiriwa kwa msimu au kwa siku, na milango huwa na watu wengi nje kuliko ndani. Usiandike mshahara wa kiwandani katika daftari lako kabla hujaitwa kazini.

SASA LETE GUNIA LA MAHINDI

Turudi kwenye upungufu wetu wa shilingi 18,500.

Tuseme familia hii haikuuza shamba. Kila mwezi inaletewa mahindi yake kutoka nyumbani, kiasi cha kutosha kilo 45 za unga. Haitalipa tena 67,500 dukani. Italipa nauli ya mzigo na kusaga. Tuseme ni shilingi 15,000. Imeokoa 52,500. Ondoa upungufu wa 18,500. Sasa inabakiwa na shilingi 34,000 kila mwezi.

Familia ni ile ile, kazi ni zile zile, na chumba ni kile kile. Iliyo na shamba inaweka akiba. Isiyo na shamba iko mikononi mwa kausha damu. Mimi naona hilo ndilo jambo kubwa la kujua juu ya mji wa kadiri ulio karibu na kijiji chako. Mji huo unakufaa wakati shamba bado linakulisha. Ukiuza shamba ili upate nauli na kodi ya chumba, umekata mkono unaokupeleka chakula kinywani.

Kwa hiyo, kabla ya neno lolote la kuhama, jibu swali hili: shamba litabaki na nani?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema hivi: shamba la hakimiliki ya kimila lisipotumiwa kwa muda usiopungua miaka 5, halmashauri ya kijiji inaweza kulihesabu kuwa limetelekezwa. Kulipumzisha shamba ili lirudishe rutuba si kulitelekeza. Halmashauri hutakiwa kutoa tangazo kwanza, ili mwenye pingamizi aseme. Lakini tangazo linabandikwa ofisi ya kijiji na kule kule shambani. Wewe uliye Kihonda au Chamwino utalionaje?

Basi usiliache tupu. Kama una Hati ya Hakimiliki ya Kimila, itunze mahali pakavu na penye usalama. Kama huna, ulizia ofisi ya kijiji kabla hujaondoka. Mwachie shamba mtu unayemwamini, au likodishe kwa msimu. Ukikodisha, andikeni. Andikeni ni eka ngapi, mipaka iko wapi, ni msimu gani, malipo ni fedha kiasi gani au magunia mangapi. Kisha ongeza sharti hili moja: mkodishaji asipande miti wala migomba, bali mazao ya msimu tu. Mtu aliyepanda miembe katika shamba lako, baada ya miaka kadhaa atasema ni lake, na miembe itamtolea ushahidi. Wote wawili mtie saini mbele ya mashahidi, na nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji.

Na kama umeamua kuuza? Fahamu kwamba huenda shamba si lako peke yako. Kwa Waluguru, ardhi ya ukoo hurithiwa kwa upande wa mama. Wajomba na mama wakubwa wana neno lao. Fahamu pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mwenzake. Na ardhi ya kijiji haiuzwi kwa siri chini ya mti. Halmashauri ya kijiji lazima ihusishwe. Kesi nyingi za ardhi zinaanza kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kupanda basi.

NANI AENDE KWANZA?

Si lazima wote mhame siku moja. Njia yenye hasara ndogo ni mmoja kutangulia, wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Mwezi wa saba hadi wa tisa shamba halina kazi nyingi. Atakaa kwa ndugu au atapanga chumba kimoja. Atabeba daftari. Kila jioni ataandika: leo nimepata kiasi gani, nimetumia kiasi gani. Baada ya miezi 3 mtakuwa na hesabu ya kweli, si ya simu.

Mara nyingi anayetangulia ni baba. Hapo pana jambo la kuzungumza waziwazi, nyote wawili, kabla ya safari. Mama akibaki, jembe lote linabaki kwake, pamoja na watoto na wazee. Je, baba atatuma kiasi gani, na tarehe gani? Atarudi lini kusaidia kupanda? Asipopata kazi, atarudi au ataona aibu? Tumewaona akina baba walioona aibu ya kurudi mikono mitupu, wakakaa mjini miaka, wakanyamaza hata simu wasipige. Nyumba ilivunjika, wala hawakuwa watu wabaya. Mkubaliane mapema kwamba kurudi nyumbani bila fedha si fedheha. Tena liandikeni katika daftari lile lile.

Wakati mwingine anayefaa kutangulia ni mama. Kama ndiye mwenye mkono wa biashara, na ana dada mjini wa kumwonyesha soko, kwa nini asiende yeye?

Watoto wa shule wasihamishwe katikati ya muhula, wakisubiri kuona kama baba atapata kazi. Siku mtakapokuwa na hakika, mwone mwalimu mkuu akuandalie uhamisho. Mtoto anayefika mjini bila karatasi za uhamisho hukaa nyumbani wiki nyingi, na wengine hawarudi tena darasani.

Ama wazee, waulize wenyewe. Usidhani. Kuna mzee atakayefurahi kukaa karibu na hospitali. Kuna mwingine ambaye chumba cha kupanga kitamuua kwa upweke kabla ya ugonjwa, kwa kuwa hana barazani pa kukaa, wala mtu wa kumwamkia kwa jina.

SIKU YA KUONDOKA

Mjini wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa pamoja, mara nyingi 3 au 6. Ukitumia dalali, naye hutaka ujira wake, ambao kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa vyumba vyetu viwili, kodi ya miezi 6 ni shilingi 360,000, na dalali 60,000. Hizo ni 420,000. Ongeza chakula, maji, mkaa na mengine ya mwezi wa kwanza, maana mshahara haungojei mlangoni: 278,500. Jumla ni shilingi 698,500, kabla ya kulipia gari la vitu. Kama huna fedha hiyo, au karibu yake, bado hujawa tayari kuhama na familia. Anza na mtu mmoja na chumba kimoja.

Usimlipe dalali kabla ya kuingia ndani ya chumba na kumwona mwenye nyumba mwenyewe. Dai mkataba wa kupanga na stakabadhi. Angalia pia nyumba imejengwa wapi. Maji ya mvua kutoka Uluguru hushuka kwa nguvu, na nyumba zilizo kando ya makorongo huingiliwa na mafuriko. Chumba cha bondeni kina kodi ndogo kwa sababu hiyo. Wakikuonyesha kiwanja cha bei rahisi, kiache kwanza. Ukae mwaka mzima, uone masika yanapitia wapi.

Chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji. Ukifika, usikae kimya chumbani. Nenda ukajitambulishe kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Siku ukiibiwa, ukiuguliwa au ukifiwa, watu hao ndio utakaowaendea. Beba kitambulisho cha taifa, kadi ya kliniki ya mtoto, na vyeti vyote, katika mfuko mmoja usiopitisha maji.

Halafu tafuta bahasha mbili. Ya kwanza tia nauli ya kurudi nyumbani kwa kila mtu uliyekwenda naye. Uifunge, uandike juu yake NAULI, na usiiguse hata kama unga umekwisha. Ya pili iwe ya fedha za mbegu.

Mvua za vuli huanza karibu na mwezi wa kumi. Masika huanza karibu na mwezi wa tatu. Wiki tatu kabla ya kila msimu, kaeni chini na daftari. Jumlisheni mapato yote tangu msimu uliopita, mtoe matumizi yote. Kama mmebakiwa na kitu, tumeni bahasha ya mbegu kwa yule mliyemwachia shamba, na mbaki mpaka msimu mwingine. Kama mmepungukiwa, mwenye nguvu ya jembe apande gari pale stendi ya Msamvu na bahasha zote mbili, awahi kuandaa shamba kabla ya tone la kwanza.